Wageni wa Stoo, Wekeni Kitambaa Chini

Jumanne asubuhi nimeshuka Posta, nimetembea mpaka kazini kwenye makumbusho yetu, nimefungua geti la nyuma, nikaikuta nanga juani.

Ile nanga ya makucha manne, waliyotuletea wavuvi Ijumaa baada ya kunasa kwenye nyavu zao. Niliiacha ndani ya pipa la maji, na ubavuni mwa pipa nikabandika karatasi: USITOE. Mmeitoa. Mmeitandikia turubai uani, mkaisugua kwa brashi ya waya, kisha mkaanza kupiga nayo picha huku mkisubiri ikauke. Nilipouliza, mmoja wenu akanijibu kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Tulitaka ukute tumeshaanza kazi."

Marahaba. Najua nia ilikuwa njema, ndiyo maana sikugomba pale pale. Tulisaidiana kuirudisha pipani, nikanyamaza mpaka saa ya chai. Lakini kila mwaka vijana wa mafunzo kwa vitendo wakifika huwa ni nanga, au bakuli, au mkeka wa tanga. Kosa lile lile, nia njema ile ile, na mimi nabaki nazunguka na ndoo. Mwaka huu nimeamua kuandika. Mtasoma, mtanuna kidogo, halafu tutaendelea na kazi, maana kazi yenyewe naipenda na nyinyi pia nimeanza kuwapenda.

1. Kilichotoka baharini kinabaki majini

Kloridi, zile za chumvi ya bahari, mnazijua, wote mmefanyia mtihani. Ila mtihani haukuwaonesha chuma kinavyotoka jasho. Chuma kilicholala baharini miaka mingi kimekunywa chumvi mpaka ndani, imejificha kati ya kutu na chuma chenyewe. Kikiwa majini kinatulia. Kitoe kipate hewa, na kutu inaamka upya. Utaona vitone vidogo vya rangi ya chai vinajitokeza juu yake. Ukiviona ujue umechelewa, maana magamba yanabanduka kuanzia ndani, na baada ya muda nanga unaizoa kwa ufagio.

Ndiyo sababu tunaiweka kwenye maji yenye kostiki, ile soda kali, tunapima kloridi, tunaandika, tunamwaga, tunajaza mengine, tunapima tena. Kwa kitu kama ile nanga ni kazi ya miezi. Kwa mzinga ni miaka. Na kostiki haiguswi na mgeni peke yake, inachoma.

Vyombo vya udongo navyo hivyo hivyo, isipokuwa vyenyewe vinataka maji matupu yasiyo na chumvi, ya kubadilishwa mpaka chumvi iishe. Bakuli la Kichina lililokaushwa kwa pupa linapendeza siku tatu. Kisha chumvi iliyobaki ndani inageuka chembe ngumu, inausukuma ule ung'avu wa juu, unachanika kama ngozi ya mtu aliyeungua. Waliokwenda Kunduchi kwenye makaburi ya zamani wameona wenyewe jinsi wazee walivyozipachika sahani za Uchina ukutani mwa kaburi. Watu walizivusha bahari nzima salama. Zije zife kwetu kwenye sinki?

Brashi ya waya ipelekeni gereji.

2. Namba kabla ya chai

Namba ya usajili inaandikwa siku ile ile kitu kinapoingia, juu ya tabaka la vanishi inayoondoleka, mahali ambapo mtazamaji hatapaona.

Pamoja na namba, andikeni mahali kilipopatikana. Mahali, jamani. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, akiwa lindoni kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, ndogo, zina maandishi ya Kiarabu. Hakujua ni nini. Lakini alifanya jambo ambalo hata sisi wenye vyeti hutushinda: alichukua ramani akatia alama pale pale alipoziokota. Alipozipeleka zichunguzwe mwaka 1979, ikajulikana kwamba zile tano ni za Kilwa. Kilwa yetu hii, aliyofika Ibn Battuta mwaka 1331 akaisifu kwa uzuri wake. Zilifikaje kule? Wataalamu wanabishana mpaka leo, na wana cha kubishania kwa sababu ya ile alama ya kalamu.

Sisi kabati la tatu tuna trei nzima ya sarafu za shaba ambazo kibandiko chake kinasema "Pwani". Kutoka Jasini mpaka Msimbati kote ni pwani. Aliyeandika alikuwa anajua ni wapi, kichwani mwake, akaona inatosha. Huenda alitaka kwenda kunywa chai.

3. Kila chombo kina jina

Mmoja wenu ameandika: "Dau la kale la wavuvi". Kitu chenyewe ni ngalawa. Matengo yake, ile miti ya ubavuni inayoizuia isipinduke, yako pande zote mbili, mtoto wa chekechea anayaona. Na ukale wake uko wapi? Panda gari mpaka Msasani au Kunduchi sasa hivi, utazikuta zimevutwa mchangani na wenyewe wamekaa kivulini wanashona nyavu. Ukimwandikia mvuvi kwamba chombo alichotoka nacho alfajiri ni cha kale, akija hapa Jumapili na watoto wake atasomaje?

Wageni walijumlisha kila chombo chenye tanga wakakipa jina moja. Sisi tunaoishi hapa hatuna ruhusa hiyo. Jahazi ni kubwa, tezi yake, yaani nyuma yake, imekatwa bapa, lilibeba boriti na nazi. Mashua nayo imekatwa tezi, ila ni ndogo. Dau limechongoka mbele na nyuma. Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, na ngalawa ni mtumbwi uliopewa matengo ili ubebe tanga bila kupinduka. Bumu lilishuka na kaskazi kutoka Ghuba, likasubiri upepo ugeuke, likapanda na kusi likiwa na boriti za mikoko za Rufiji. Ukiandika "dau" kwa vyote hivyo, umefuta mizigo, pepo na bandari zake kwa neno moja.

Mtepe nao una habari zake. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya nazi bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mfanyabiashara wa Kiyunani aliyeandika habari za mwambao huu karne ya 1 aliitaja Rhapta, bandari iliyopata jina lake kwa vyombo vya kushonwa, na mpaka leo inatafutwa ilikuwa wapi. Mitepe ilikoma kuundwa mapema karne iliyopita. Tunachokijua tumekipata kwa mifano midogo, picha na vipande. Wenzetu wa Zanzibar waliunda upya mmoja wa ukubwa wake halisi wakauweka ndani ya jumba la Beit al-Ajaib. Siku ya Krismasi mwaka 2020 sehemu ya jengo lile, lililosimama tangu 1883, ikaporomoka. Mimi nilisikia habari ile niko jikoni, nikazima jiko.

Kwa hiyo ule mfano wa mtepe wa chumba cha pili, wenye urefu wa mkono, hubebwa kwa mikono miwili chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Atakayeushika mlingoti nitamwona.

4. Kitambaa

Hapa nitakaa kidogo. Habari hii sijawahi kuisimulia yote kwa mtu ambaye hakuwepo.

Nilikuwa na miezi minne tu kazini, mahali nilipoanzia, kabla sijaja hapa. Tukaletewa usukani wa jahazi. Usukani mzima, umenipita kimo, na kana yake, ule mkono wa kuugeuzia, bado imechomekwa. Aliyeuleta alikuwa nahodha mstaafu, mzee wa Kunduchi, aliyeacha bahari kwa sababu ya macho. Jahazi lenyewe lilikuwa limeshapasuliwa kuni. Usukani aliuhifadhi nyuma ya nyumba, chini ya paa la makuti, miaka na miaka. Aliusindikiza kwa mkokoteni mpaka barabara kuu, akakodi pikapu, akakaa nao nyuma safari nzima ameushika. Alipotukabidhi alisema, "Nawaachia huyu. Mtunzeni." Akasema huyu, kama anavyotajwa mtu. Nililisikia neno lile, nikatabasamu, nikaendelea kujaza fomu.

Nilichoandika kwenye daftari la usajili nakijua kwa moyo. "Usukani wa jahazi. Mbao. Hali: mchafu." Maneno sita. Picha sikupiga. Jina la jahazi sikuuliza. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi mbele yangu anapepewa na mjukuu, anasubiri kuulizwa, na mimi nilikuwa natafuta muhuri.

Onesho lilikuwa lifunguliwe baada ya wiki mbili. Mkubwa wangu alikuwa safarini, na mimi nilitaka akirudi akute nimeshaanza kazi. Mnayasikia maneno hayo? Ndiyo maana Jumanne nilishindwa kuwagombeza.

Nikautazama usukani. Sehemu ya chini ilikuwa na utando mgumu, mweupemweupe, wa mafuta, unanuka. Sehemu ya juu, upande wa ndani, kulikuwa na mikato ya kisu imepangana, na pembeni yake mistari ya mkaa imefifia. Nikadhani watoto wameuchezea. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikachukua brashi. Siku tatu. Na niseme ukweli, niliifanya kazi ile vizuri sana, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu sikubakiza kona. Mkaa ulitoka kwa mkono wa pili. Ule utando niliuparua kwa kisu cha kupakia rangi, ukadondoka vipande vipande, nikavifagia nikavitupa jalalani. Mikato nikaipiga msasa mzito, kisha msasa laini, mpaka kidole kikawa kinapita bila kukwama. Nikamaliza kwa vanishi, tabaka mbili. Usukani ukang'aa kama kabati lililotoka kwa maseremala wa Keko asubuhi ile. Kila aliyepita alinisifu. Mlinzi alisema, "Dada, huu ungeuzwa ungeleta pesa."

Siku ya ufunguzi mzee akaja. Kanzu imepigwa pasi, kofia, fimbo, mjukuu wake wa kike amemshika mkono. Nilikwenda kumpokea getini, nikamwamkia, nikamwongoza mimi mwenyewe mpaka ukumbini, maana nilitaka kuuona uso wake.

Hakutazama, macho hayakuwa na kazi tena. Alinyoosha mkono. Akaweka kiganja kichwani mwa usukani, akashuka nacho polepole, akafika pale upande wa ndani. Akapapasa. Akapanda juu, akashuka tena, akapapasa tena. Nikadhani anafurahia ulaini.

Akauliza, "Mwanangu, huyu ni wangu?"

"Ni wako, babu."

"Safari zangu ziko wapi?"

Sikuelewa. Mjukuu ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, na kwa hilo namshukuru hata leo. Kila msimu ulipoisha babu alikata mkato mmoja. Kando ya mkato akaandika kwa mkaa, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, bandari aliyofika na shehena aliyobeba. Mkaa ukififia anaurudia. Macho yalipoanza kumwisha akaacha kuurudia, akawa anasoma mikato kwa kidole. Mrefu ni safari ya mbali. Mfupi ni msimu wa hapa hapa, Mafia na kurudi. Wenye pengo katikati ni mwaka aliopoteza baharia.

Wenye pengo katikati. Nilikuwa nimeupiga msasa. Nakumbuka hata ulivyonipa taabu, kwa sababu ulikuwa umekatwa ndani zaidi ya mingine.

Na ule utando ulionuka ulikuwa deheni. Chokaa na mafuta, inayopakwa sehemu ya chombo inayokaa chini ya maji ili mbao zisitobolewe na wadudu wa baharini. Kila chombo kinapopandishwa pwani kinapakwa upya, tabaka juu ya tabaka, na fundi anayeijua kazi angeweza kuukata upande wake akatueleza mengi. Mimi ni mtoto wa pwani. Harufu ya sifa, mafuta ya papa, nimekua nayo, nguo za babu yangu zilinukia hivyo. Pua ilinieleza. Nilikuwa nimeshaingia chuo, nikaona pua si chombo cha kazi.

Mzee hakunigombeza. Tulimletea kiti, akakaa, akanywa soda, akasikiliza hotuba zote mpaka ya mwisho. Wakati wa kuagana alinishika mkono akaniambia, "Umemwosha vizuri, mwanangu. Umemwosha kama maiti."

Usiku ule sikulala. Mkubwa wangu aliporudi nilimweleza kila kitu. Alikaa kimya, kisha akanipa kalamu, akaniambia niandike kwenye daftari, chini ya yale maneno sita, nilichofanya: sabuni gani, msasa namba ngapi, vanishi gani, siku zipi, na jina langu. Niliandika kurasa mbili. Zile kurasa ndizo za kwanza katika maisha yangu nilizoandika kama mhifadhi.

Kisha nikaanza kwenda Kunduchi, kila Ijumaa baada ya sala, na daftari. Mzee alinipokea. Tulikaa kwenye mkeka, mjukuu akituletea kahawa, naye akaanza kuzitaja safari moja moja. Boriti za Rufiji. Nazi za Mafia. Mwaka waliokwama Kilwa Kivinje kwa sababu kusi ilianza mapema. Mwaka alioingia Lamu na maji ngamani, chini tumboni mwa chombo, wote wanayachota, yeye mwenyewe na ndoo. Ijumaa tatu zilitupatia misimu kumi na tisa. Mikato, kwa kumbukumbu za mjukuu, ilizidi thelathini. Ijumaa ya nne alinyamaza muda mrefu, akasema, "Yaliyobaki alikuwa nayo yeye." Akimaanisha usukani.

Basi nawaomba. Picha kwanza, pande zote, na taa iwekwe ubavuni ili mikwaruzo na mikato itupe kivuli. Kisha andikeni mnachokiona, hasa msichokielewa: "kuna utando, unanuka mafuta" inatosha, mwenzako atakuja kuuelewa. Kisha ulizeni aliyekileta, angali yupo kwenye benchi. Kitambaa kikihitajika ni cha mwisho, kikavu, na mimi niwepo.

5. Madogo madogo, haraka

Masika madirisha ya stoo hayafunguliwi eti hewa iingie, kinachoingia ni unyevu. Chakula marufuku, hata karanga. Ukikuta unga wa mbao chini ya kitu, ni fukusi: kifunge kwenye nailoni, kitenge, uje unitafute hata kama niko kikaoni. Glovu za pamba hazishikii bakuli, linateleza. Nawa mikono, kausha, shika. Kitu kizito kinabebwa na watu wawili wanaosemezana. Kamba ya nazi haikunjwi. Funguo zinarudi ubaoni, na kila mwaka kuna anayeondoka nazo mpaka Mbagala.

6. Meli za Wajerumani

Shule zikija, watoto watawauliza mizinga na meli za vita, na hapo ndipo wengi wenu mnaanza kutunga. Nimesikia kwa masikio yangu kijana mmoja anawaambia darasa la sita kwamba meli ya vita Königsberg imezama bandarini hapa na meli ya Liemba iko Ziwa Victoria. Mwalimu wao akaandika.

Shikeni haya. Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na ikaishia humo tarehe 11 Julai 1915, ilipopigwa na wenyewe wakaimalizia. Mizinga yake kumi, ya milimita 105, ilitolewa na kupelekwa kupigana nchi kavu. Mmoja mtauona Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Kilichozamishwa na Wajerumani kwenye mlango wa bandari ya Dar es Salaam, Agosti 1914, ni chelezo chao kinachoelea, wakitaka kuwazibia Waingereza njia.

Liemba ndiyo habari ninayoipenda. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapata 5,000, yakashushwa hapa hapa Dar es Salaam, yakapanda reli mpaka Kigoma. Huko ikaunganishwa, ikaingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliporudi nyuma, mafundi wakapewa amri ya kuizamisha. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nene. Fikirieni: adui anakuja, amri imeshatoka, na mtu anakaa na kopo la grisi anapaka chuma anachokwenda kukizamisha. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nikiwasimulia watoto huwa nawaambia wale mafundi walikuwa wahifadhi, na nahodha wangu na kopo lake la deheni angeelewana nao upesi bila mkalimani.

7. Nendeni kwa wenyewe

Kunduchi, Mbweni, Feri. Siku ya kwanza msiende na fomu. Amkieni wazee, nunueni samaki, kaeni. Fundi akiwa anakalafati, yaani anaziba nafasi za mbao, msimkatishe, pamba na nyundo vina mwendo wake, atazungumza akipumzika.

Miaka kadhaa iliyopita tulimwita seremala kurekebisha mlango wa ukumbi. Alikuwa fundi wa majahazi aliyekosa kazi za majahazi. Alipoinua kichwa akaiona mashua yetu iliyotundikwa, akashusha msumeno. "Nani kamfunga foromali hivi?" Tulikuwa tumepita chini ya ile foromali, mti unaobeba tanga, miaka sita, wote na vyeti vyetu, na mimi nimo. Alipanda ngazi, akafungua henza, kamba ya kuipandishia, akaigeuza, akaifunga upya, kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Akasema kwa jinsi ilivyokuwa, chombo kile kisingetoka hata nje ya bandari. Mlango ulisubiri mpaka kesho yake, kwa sababu alianza kutuonesha na mengine. Nilimwandikia jina lake kwenye kibandiko cha mashua, kama mtaalamu aliyeitengeneza, na mpaka leo huleta ndugu zake walisome.

Sasa turudi kwenye nanga. Jana nimepima maji ya pipa, kloridi zinatoka, ni dalili njema. Sehemu mliyoisugua imebanduka kidogo, nimeichora na kuipima, ukurasa wake uko mezani kwangu na kila mmoja wenu aliyeshika brashi aandike hapo chini alichofanya, kwa mkono wake, na jina.

Kesho saa mbili asubuhi tunabadilisha maji, njooni na ndoo. Wale wavuvi hutua Feri alfajiri. Nataka wawili wenu wawahi huko wakawaulize waliinasa wapi, kina cha pima ngapi, na kama kuna mbao zozote zilizokuja nayo, kwa sababu Ijumaa walipoileta nilikuwa mbioni kwenda kikaoni, na mimi sikuwauliza. Na zile picha mlizopiga uani nitumieni zote, msichague. Kama kuna hata moja iliyopigwa kabla ya brashi, yenye ukungu, yenye kidole mbele ya kamera, hiyo ndiyo ninayoitaka kwanza.